Maswali ya wasomaji: Hati safi si risiti ya kodi

Miaka mitatu mfululizo mkaguzi wa nje ametupa hati safi. Sasa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wametuletea makadirio ya kodi ya nyongeza ya milioni 25. Nani amekosea? (Vifaa vya ujenzi, Mwanza)

Huenda mkaguzi hana kosa. Hakusaini kwamba kodi yako imekamilika mpaka senti ya mwisho. Alisema hesabu kwa ujumla zinaonyesha hali halisi, bila dosari kubwa. Hiyo "kubwa" ina kipimo chake. Wakaguzi wengi huanzia 5% ya faida kabla ya kodi. Faida ikiwa milioni 800, kipimo ni milioni 40, na upungufu wa milioni 25 unapita chini yake kimya kimya. TRA hawana kipimo hicho. Wanadai yote, na riba juu.

Swali hili linarudi kila msimu wa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Badala ya kugombana na mkaguzi, hesabu siku: pingamizi ni ndani ya siku 30, na halipokelewi mpaka ulipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishia, kile kilicho kikubwa.

Kukwepa kodi na kuepuka kodi kuna tofauti gani?

Anayekwepa anaficha. Anayeepuka anaonyesha kila kitu, ila amepanga mambo yake ili kodi ipungue. Msishangilie la pili: sheria inampa Kamishna wa TRA uwezo wa kuuvunja mpango ambao shabaha yake ni kupunguza kodi tu.

Nataka kununua hisa. Kwenye hesabu zilizokaguliwa nitaona wapi kama kampuni inaepuka kodi?

Fungua maelezo ya kodi, tafuta jedwali linaloanza na faida na kuishia na kodi iliyotozwa. Tuseme faida ni milioni 800. Kwa 30%, kiwango cha kodi ya kampuni, kodi ni 240. Inaongezwa 12 ya gharama zisizokubalika kikodi (milioni 40 mara 30%), inatolewa 156 ya mapato yaliyosamehewa (milioni 520 mara 30%). Inabaki 96, yaani 12% ya faida. Sasa uliza: hizo milioni 520 ni mapato gani, na msamaha umetoka kifungu kipi? Mstari wa "mengineyo" wenye makumi ya mamilioni usiuvumilie.

Ukiambiwa kiwango kimeshuka hadi hiyo 12% kwa sababu mitambo inapewa uchakavu wa haraka kikodi (gharama yake inakatwa mapema), aliyekujibu hajui au anakuzuga. Tofauti hiyo ni ya muda. Inapunguza kodi ya mwaka huu, lakini inaongeza kodi iliyoahirishwa, yaani ya kulipwa miaka ijayo, kwa kiasi kilekile, na 30% inabaki 30%. Ukimaliza hapo, soma maelezo ya miamala na kampuni ndugu, zile za mmiliki mmoja. Ada za usimamizi na mirabaha zikipanda wakati mauzo yamesimama, faida inahamia nje.

Mkaguzi wetu ndiye pia anayetubunia mpango wa kupunguza kodi. Ni nafuu, au kuna tatizo?

Nafuu ya ada, labda. Lakini huyohuyo ndiye atakayepima kama mpango utasimama mbele ya TRA. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Tangu 2019, IFRIC 23, ufafanuzi wa viwango vya kimataifa vya uhasibu, unataka kampuni ichukulie kwamba mamlaka ya kodi itakagua na itakuwa na taarifa zote. Ikiwa hakuna uwezekano mkubwa wa mpango kukubaliwa, athari yake iingie kwenye hesabu. Nani ataandika kwamba kazi ya mkono wake ni dhaifu?

Wenzetu waliungua. Marekani, mwaka 2005, kampuni ya ukaguzi ya KPMG walikubali kulipa dola milioni 456 kwa kuuza mipango ya kodi iliyokuwa ya udanganyifu. Hata kampuni ndogo inaweza kutenganisha: ofisi moja ikague, nyingine ishauri, kila moja na barua yake ya kazi. Mkaguzi akitaka ada ya ushauri iwe asilimia ya kodi "itakayookolewa", mwonyeshe mlango.

Kampuni mama iko nje na inatukopesha. Mkaguzi amepitisha riba yote, basi TRA wataikubali?

La. Kwa kampuni ambayo 25% au zaidi inamilikiwa na wasio wakazi, riba inakubalika hadi uwiano wa deni na mtaji wa 7 kwa 3. Mtaji milioni 300, deni bilioni 1: riba ya deni la milioni 700 inapita, ya milioni 300 zilizobaki inarudishwa kwenye faida. Kihasibu riba yote ni gharama halali, ndiyo maana mkaguzi ameipitisha. Marekebisho ni ya kwenye hesabu ya kodi. Na msisahau kuzuia kodi ya 10% ya riba hiyo mnapoilipa.

Tuna hesabu za kuonyesha benki na nyingine za kuonyesha TRA. Mkaguzi asaini zipi?

Hiyo ni jinai. Msiniandikie tena.

Mwaka wetu unaishia 31 Desemba. Ritani ni lini?

30 Juni. Mkaguzi anayeanza kazi Juni 10 hatakuwa na muda wa kuitazama kodi yenu, mwiteni Februari.