Siku tatu hazitoshi kufika Merzouga
Dada yangu, umeuliza kama siku tatu zatosha kwenda na kiongozi wa watalii kutoka mji wa Marrakech, nchini Morocco, hadi jangwa la Merzouga, kisha kurudi. Kwa maoni yangu hazitoshi, kwa kuwa kila upande ni zaidi ya kilomita 500, na barabara hupanda milima ya Atlas hadi kwenye kipito cha Tizi n'Tichka, penye kimo cha mita 2,260 hivi, ambapo theluji ya majira ya baridi huweza kuifunga njia. Mwombe kiongozi mmalizie safari mjini Fes badala ya kurudi mlikotoka. Mji wa kale wa Fes upe siku mbili nzima, maana sisi wa Lamu, tuliolelewa katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani miongoni mwa punda wa mizigo, tukiviona vichochoro na punda wa humo hujiona tumefika nyumbani.