Kabla hujailaumu printa ya nyumbani, itazame kanzu

Mtu akipewa picha hahesabu nukta za wino. Anatazama uso. Ngozi ikiwa nyekundu, au nyeusi kiasi kwamba macho yamezama, atasema printa ni mbovu hata kama kila unywele umetoka wazi. Kisha anaipima karatasi kwa vidole; ikiwa nyepesi, basi "hii si ya studio". Ndiyo maana mashine ya aina moja husifiwa nyumba hii na kutukanwa nyumba ya jirani.

Anza na faili. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800 ili ifikie nukta 300 kwa inchi. A4 inataka kama 2,480 kwa 3,508. Simu ya megapikseli 12 inazitosheleza zote mbili. Lakini picha ya kwanjula, sherehe ya utambulisho wa Waganda, iliyozunguka makundi matatu ya WhatsApp imeshabanwa: kwa saizi ndogo itapita, kwa A4 mashavu yataota vijisanduku. Mwombe aliyeipiga akutumie kama hati. Tena, simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4:3 na karatasi hiyo ndogo ni 3:2. Ukichapa bila ukingo, asilimia 11 hivi ya upande mfupi inaondoka, na kwenye picha ya kundi iliyolazwa mara nyingi huondoka na vichwa vya waliosimama nyuma. Ipunguze mwenyewe kwenye simu kabla printa haijakuamulia.

Picha kutoka na giza ndilo lalamiko tunalolisikia kuliko yote. Skrini inatoa mwanga wake, karatasi inategemea mwanga wa chumba. Shusha mwangaza wa simu hadi nusu, ndipo urekebishe picha. Inua sehemu za kivuli peke yake. Ukiongeza mwanga wa picha nzima, uso wa bwana harusi utaonekana lakini kanzu yake itabaki bapa jeupe lisilo na mikunjo. Na kanzu ndiyo kipimo bora cha rangi tulicho nacho. Ikitoka na uwaridi, huenda programu na printa zote mbili zinasahihisha rangi: acha moja tu ifanye kazi hiyo. Au wino wa samawati umeziba, na hilo utalijua kwa kuchapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Gomesi, vazi refu la wanawake wa Uganda, ya zambarau kali ni habari nyingine. Kuna rangi ambazo skrini inazo na wino hauna, hapo usihangaike.

Karatasi nayo ina hila. Ukinunua Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, omba kipande kimoja ukigeuze. Mgongo ukiwa kama karatasi ya kawaida, ni ile ya bei nafuu inayojikunja ikinywa wino mwingi. Mgongo laini kama plastiki ndio unaofanana na picha za studio. Tafuta gramu 230 hadi 260 kwa mita ya mraba, uingize moja moja. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, iambie printa ni karatasi ya picha. Ukiiacha kwenye karatasi ya kawaida, inapima wino vibaya na rangi hufifia. Chagua ubora wa juu na uzime kasi ya juu, ile inayofanya kichwa cha kuchapia kichape kikienda na kurudi. Mistari ya kulala mingi huishia hapo. Wino ukigoma kukauka kabisa, umechapa upande usiong'aa.

Izime printa kwa kitufe chake, usizime ukutani. Kitufe hukirudisha kichwa kwenye kifuniko. Umeme ukikatwa ghafla kinabaki wazi na wino unakauka kwenye matundu. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, iwashe mara unaporudi, uizime vizuri. Matundu yakiziba, iamuru printa ijisafishe mara mbili au tatu tu, halafu iache hadi kesho yake. Kusafisha mfululizo kunakunywa wino bure. Ukurasa mdogo wa rangi kila wiki unazuia haya yote.

Picha iliyotoka ipumzike saa 24 kabla ya fremu. Isigusane na kioo, itanata, na usiitundike mkabala na dirisha.

Anayechapa picha kumi kila baada ya miezi mitatu, kwa maoni yetu, asinunue printa ya wino wa maji. Canon Selphy CP1500 hupitisha karatasi mara nne, manjano, magenta, samawati, kisha utando wa kinga, na haina matundu ya kuziba. Saizi yake inaishia kadi ya posta. Adui yake ni vumbi: chembe moja huacha kidoa cheupe, kwa hiyo nyumba iliyo kando ya barabara ya muramu iifunike, na karatasi zibaki kwenye mfuko wake.