Maswali ya Wasomaji: Jiko la gesi la kubanikia lililoshika kutu

SWALI: Ndugu mshauri, nimenunua jiko kuukuu la gesi la kubanikia, lile lenye mfuniko mkubwa na magurudumu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama mjini. Limenyeshewa misimu kadhaa. Nje limeshika kutu, ndani ya mfuniko kuna magamba meusi yanayobambuka, na moto wake ni wa manjano upande mmoja, ilhali upande wa pili hauwaki kabisa. Nataka kulipaka rangi nibanikie samaki aina ya migebuka nyumbani. Nianze na rangi gani? Na je, kostiki tunayotengenezea sabuni ya mawese inafaa kuondolea mafuta yaliyogandamana?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, rangi iwe kazi yako ya mwisho. Moto wa manjano na upande usiowaka ni dalili kwamba njia ya gesi au ya hewa imeziba, na jiko lenye kasoro hiyo halipungui hatari kwa kung'arishwa.

Funga mtungi, ondoa regyuleta, kile kifaa kinachounganisha mpira wa gesi na mtungi, kisha uuweke mtungi mbali. Ondoa nyavu na mabati yanayokinga mafuta, ndipo utoe bana, yaani yale mabomba yenye matundu yanayotoa moto. Itazame kwa makini ncha inayoelekea kwenye swichi: ina mdomo mpana wenye kidirisha, na hapo ndipo gesi huchanganyika na hewa. Jiko lililokaa muda mrefu bila kuwashwa huwa na utando wa buibui humo ndani, na utando mdogo tu watosha kuugeuza moto kuwa wa manjano au kuusukuma uwakie nyuma, karibu na swichi. Pitisha brashi nyembamba ya kuoshea chupa, uzibue matundu kwa waya mwembamba bila kuyapanua, na bana iliyotobolewa na kutu uibadilishe. Nozeli, kile kipande kidogo cha shaba kinachopitisha gesi, usikichokonoe kwa waya. Kiloweke katika maji ya sabuni na ukikaushe. Wakati wa kurudisha, hakikisha mdomo wa bana umeivaa nozeli sawasawa.

Soma pia kibandiko cha nyuma ya jiko. Majiko mengine yaliyotoka nje ya nchi yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, na nozeli zake ni pana kuliko zinavyohitajika kwa gesi ya mtungi. Ukiliunganisha hivyo hivyo, moto utakuwa mkubwa kupita kiasi.

Mpira wa gesi ukunje kwa vidole: ukiona nyufa, nunua mpya, wala usiufunge kwa plasta. Regyuleta iwe ya mgandamizo mdogo na ikae barabara kwenye mdomo wa mtungi wako. Ukishaunganisha, fungua mtungi huku swichi zote za jiko zikiwa zimefungwa, upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Vipovu vikitokea, gesi inavuja. Fanya hivyo nje, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Kostiki usiitumie. Majiko mengi ya aina hii yana sehemu za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto upesi. Maji ya moto, sabuni ya vyombo na kipande cha mti cha kukwangulia vitatosha, ingawa utarudia. Yale magamba meusi ya mfuniko ni mafuta na moshi vilivyoungua vikagandamana. Yakwangue yote, na ndani usipake rangi yoyote, kwa maana ndimo chakula kinamoivia. Nikuonye pia kuhusu fundi atakayekushauri kuziba matundu ya ndani kwa bati la kuezekea: zinki yake ikipata joto kali hutoa moshi wenye sumu.

Sasa rangi. Chagua ya kupuliza inayohimili joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi. Sugua kutu kwa msasa mkavu, ukianza na wenye chenga kubwa na kumalizia na laini, ufute vumbi kwa kitambaa chenye tina, kisha upulize tabaka nyembamba huku ukiacha kila moja ikauke. Baadaye washa jiko tupu kwa moto mdogo, uuongeze taratibu kama kopo linavyoelekeza. Kazi hii ifanye kiangazi, kuanzia Juni, kwa sababu wakati wa mvua chuma kilichosuguliwa hushika kutu upya kabla hujafungua kopo.

Migebuka ina mafuta mengi. Mwaga trei ya chini kila unapomaliza kubanika, la sivyo mafuta yatashika moto.

SWALI: Je, mvua ikinyesha naweza kulitumia jiko la gesi la kubanikia barazani?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na joto lake linaweza kuunguza dari. Subiri mvua ikatike.