Miaka 20 ya sigara, kuacha bado kuna faida?

Ndugu yangu, umeuliza kama baada ya miaka 20 kuacha kuna maana yoyote, au mapafu yashaharibika basi. Maana ipo, tena kubwa.

Na kuacha unakujua tayari. Kila Ramadhani huigusi toka alfajiri hadi magharibi, na saa 12 hivi zatosha ile sumu ya kaboni monoksaidi kushuka kwenye damu hadi kiwango cha kawaida. Kisha adhana yalia, unafuturu kwa tende moja na sigara tatu, kazi yote bure!

Ukishikilia, ndani ya miezi michache kikohozi hupungua na pumzi hurudi. Mimi nilijua siku niliyotembea kutoka mjini Lamu hadi Shela bila kusimama njiani kuhema. Ukifika mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Saratani ya mapafu ndiyo hukawia: kufikia nusu hiyo ni kama miaka 10.

Siku tatu za mwanzo ni ngumu, hasira tupu na usingizi hauji. Kilichonisumbua zaidi ni kahawa ya barazani, mkono watafuta sigara wenyewe. Nikahama baraza wiki tatu nzima, wenzangu wakadhani nimenuna.

Na usikimbilie shisha ukidhani ni nafuu. Nayo ni tumbaku.