Kwa Anayeambiwa Anatakiwa Kuwa Kiti

Kabla hujanunua ubani wala kukata kaniki, nenda hospitali. Nasema hivi nikiwa kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo, kwa mwaka wa kumi na tisa sasa hapa Temeke, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba wapo watu wanaochaguliwa na wazee, yaani pepo na mizimu, ili wazee hao waseme kupitia kwao. Kichwa kisichopoa, mimba zinazoharibika, ndoto za maji na za nyoka, kuanguka na kupoteza fahamu, hayo yote wazee wetu wa pwani waliyahesabu kuwa dalili za kutakiwa na pepo, lakini hayo hayo yanaweza kuwa dalili za shinikizo la damu, za kifafa au za malaria iliyopanda kichwani. Kifafa kina vidonge vyake, na mgonjwa anayechezewa ngoma usiku hadi usiku bila kuvipata anaweza kuangukia motoni. Fundi wa uganga aliyenifundisha hakukubali kunipokea mpaka nilipomletea karatasi za vipimo kutoka Muhimbili. Alizipitia moja moja, akaziweka chini ya mkeka, akasema, "Haya, mwanangu, sasa tuwaulize wenyewe."

Tangu siku niliyopandisha kwa mara ya kwanza hadi nilipokabidhiwa mkoba wa uganga ilipita miaka minne, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kufagia kilinge, kuchambua mizizi, kuwasha chetezo na kunyamaza. Utajifunza kwanza ni nani aliyekujia, kwa sababu ruhani apendaye mavazi meupe, marashi ya waridi na nyumba safi hapokewi kama mzimu wa ukoo unaodai kaniki na ngoma za madogoli za Kizaramo, na kosa la mapokezi humwumiza kiti. Vifaa vyote utavipata Kariakoo kwa asubuhi moja, na wapo watakaokuuzia mkoba mzima pamoja na maelezo yake. Jambo hilo hunisikitisha sana, kwa kuwa mkoba hukabidhiwa na aliyekuona ukiugua, ukipona na ukitumika.

Lililo gumu kuliko yote ni kuitambua sauti yako mwenyewe. Katika mwaka wa pili baada ya kukabidhiwa mkoba, alinijia mama mmoja aliyepotelewa na mkufu wa dhahabu. Ubani ulikuwa ukifuka, nikahisi joto mabegani, nikadhani wamefika, nikatamka kwamba aliyeuchukua analala chini ya paa lake na hakumzaa yeye. Usiku ule ule mama yule alimfukuza binti wa kazi, na mtoto wa watu akalala kituo cha daladala. Wiki mbili baadaye mkufu ulionekana umenasa ndani ya pindo la dera lililokunjwa kabatini. Nilimtafuta yule binti hadi nikampata kwa shangazi yake Mbagala, nikamwomba radhi kwa magoti.

Nilipokaa kulipima jambo lile, nilibaini kwamba nilikumbuka kila neno nililolisema, pamoja na wazo lililolitangulia: nilikuwa nimemwona binti huyo mlangoni, ameshika kapu, anatazama chini, na moyo wangu ukamhukumu kabla ubani haujashika moto. Kwa jinsi nilivyofundishwa, na kwa jinsi nilivyoona mwenyewe, pepo akipanda kweli kiti hakumbuki. Husimuliwa na waliokuwepo. Kwa hiyo usiketi peke yako na mwenye shida. Awepo msaidizi wa kusikiliza, na ukizinduka ukiwa bado unayakumbuka maneno yako, mwambie mgonjwa waziwazi kwamba hayo ni mawazo yako, kisha umrudishie fedha yake.

Kumtaja mtu kuwa mwizi au mchawi usikufanye kabisa. Mnamo Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, na sisi tulio katika kazi hii tunapaswa kuona uchungu kwamba damu ile ilimwagwa kwa maneno yaliyotoka vilingeni. Ukianza kutibu watu, jisajili kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo msingi wake ni sheria ya mwaka 2002, na uwe tayari kuonyesha cheti chako kwa yeyote atakayekiuliza.

Mimi hufukiza usiku wa kuamkia Ijumaa. Msaidizi wangu huandika katika daftari yaliyosemwa, na mara nyingi huandika tarehe tu na neno "kimya", nasi tukazima chetezo na kwenda kulala. Ukimwona fundi ambaye daftari lake halina usiku wa namna hiyo hata mmoja, usimpe mkono wa kufunzwa.