Kwangu mimi, Mardle hana mpinzani

Swali la wiki hii lilikuwa: mchezaji aliyestaafu akikabidhiwa maikrofoni, je, mataji aliyotwaa ndiyo yanayomfanya awe mtangazaji bora? Nasema hapana, na shahidi wangu ni Wayne Mardle, Mwingereza wa mchezo wa vishale ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Kwenye matangazo ya Sky Sports, televisheni ya michezo ya Uingereza, simwoni wa kushindana naye.

Wengi walimjua kwa mashati yake ya maua ya Hawaii, lakini kurusha alijua. Kwenye mashindano ya dunia ya 2008 ya PDC, mojawapo ya vyama viwili vya vishale vilivyokuwa na ubingwa wake wa dunia, ukumbi wa Alexandra Palace jijini London, alimtoa Phil Taylor robo fainali kwa seti 5-4. Taylor alikuwa amecheza kila fainali ya mashindano hayo tangu yaanze mwaka 1994. Njia ya ubingwa ikawa nyeupe. Mechi iliyofuata, Mardle akafungwa 6-4 na Kirk Shepherd, kijana aliyeingia kwa mchujo na ambaye hakuna aliyemhesabia.

Maumivu ya namna hiyo ndiyo ninayoyasikia anapotangaza. Mchezaji akianza kukawia kuachia kishale, Mardle anajua kinachomsibu, na anakueleza wakati huohuo, si baada ya seti kupotea.

Halafu kuna hesabu. Unaanza na 501 unashuka hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ule mkanda mwembamba wa ukingoni unaohesabu namba mara mbili; katikati kabisa nako huhesabiwa kama dabo. Ukibakiwa na 170 unaweza kumaliza kwa vishale vitatu: 20 mara tatu, tena 20 mara tatu, kisha katikati kabisa penye 50. Ukibakiwa na 169 huwezi, wala 168. Kutoka mstarini hadi ubaoni ni mita 2.37 tu, kwa hiyo mtangazaji anayengoja kishale kitue ndipo apige hesabu ameshachelewa. Hata kamera inahitaji mtu wa kuiambia ielekee wapi kabla kishale hakijatoka mkononi, na Sky imekuwa ikimtumia Keith Deller kwa kazi hiyo. Huyu ni bingwa wa dunia wa 1983, wa BDO, kile chama kingine. Katika fainali ile Eric Bristow, akiwa amebakiwa na 50 na kishale kimoja mkononi, hakulenga katikati. Alijipangia abakiwe na 32 kwa zamu yake inayofuata, akiamini Deller hataweza kumaliza 138. Deller akapiga 20 mara tatu, 18 mara tatu, dabo 12. Nani wa kukisia kishale kinachofuata kama si mtu huyo?

Anayetaka ushahidi zaidi atazame fainali ya dunia ya PDC ya Januari 3, 2023. Vishale tisa ndivyo vichache kabisa vinavyoweza kukutoa 501 hadi sifuri. Michael van Gerwen alipiga vishale vinane bila kosa, cha tisa kikaikosa dabo 12 kwa unywele. Michael Smith akasogea, akakamilisha tisa vyake kwa dabo hiyohiyo. Mardle akapaza sauti kwamba hakuna atakayewahi kuona mchezo wa ajabu kuliko huo, na kwamba hawezi kuongea, na neno lenyewe likamtoka limepinda. Nimeirudia sehemu ile mara nyingi na bado nywele zinanisimama. Alikuwa anaelewa uzito wa kila kishale kabla hakijarushwa, ndiyo maana sauti yake ilipanda pamoja navyo.

Sisemi kwamba mataji yanaharibu. John Part wa Kanada amekuwa bingwa wa dunia mara tatu na anatangaza vizuri sana. Ila mfikirieni Glen Durrant: bingwa wa BDO 2017, 2018 na 2019, akatwaa Ligi Kuu ya vishale 2020, kisha msimu uliofuata wa ligi hiyohiyo hakushinda mechi hata moja. Mkono ulimkatalia, akastaafu 2022. Sasa naye ni mtangazaji, na mchezaji anapokosa dabo tatu mfululizo, maelezo ninayotaka kuyasikia kwanza ni ya Durrant.