Mdogo wangu alipata kiharusi ana miaka 24, haya ndo tuliyoyakosea nyumbani

Mdogo wangu alianguka mlangoni mwa bafu Jumanne moja asubuhi, mwaka 2021, na neno la kwanza kutoka kwa jirani lilikuwa huyu kapitiwa na jini. Maana kiharusi si tunajua ni cha wazee wenye presha. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelegea kama tambara, anataka kuongea yanatoka maneno hayana kichwa wala miguu. Tukapoteza karibu saa nzima na maji ya kombe mpaka kijana wa bajaji akatufokea, nyie mnangoja nini, mtu huyu wa hospitali. Basi hilo nalisema mapema nisije nikasahau, mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukakosa nguvu, maneno yakavurugika, ni hospitali hapo hapo, hata awe na miaka 15. Dua mtaomba mkiwa ndani ya bajaji.

CT scan ikaonyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndo unaendesha mkono na mguu wa kulia na kwa watu wengi ndo wenye lugha. Kipimo cha moyo kikatoa chanzo: valvu, yaani ule mlango wa kupitisha damu ndani ya moyo, mbovu tangu utotoni. Kumbe yale maumivu ya koo ya watoto tunayoyatibu kwa tangawizi na limao, mengine ni ya bakteria, na yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya rumatiki, inakula valvu taratibu miaka na miaka, baadae moyo unaanza kupiga ovyo ovyo, damu inatuama humo inaganda, kipande kinachomoka kinapanda kichwani. Mama alipoelezwa hivyo alikaa kimya siku mbili. Alikuwa anakumbuka makoo yote ya darasa la pili na la tatu. Kama kuna mama anasoma hapa yuko hivyo, jamani, hukujua, hakuna aliyekuambia.

Wodini alikaa wiki tatu, sitaelezea sana, wauguzi walifanya kazi yao. Ninayotaka kusema mimi ni ya nyumbani, kwa sababu karatasi ya kutoka hospitali ina majina ya dawa na tarehe ya kliniki, haina mahali imeandikwa mtamlishaje, mtamwogeshaje, na shangazi zenu mtawafanyaje.

Sisi tulimpenda mpaka tukamchelewesha. Tulikuwa wanawake watano kwenye nyumba moja na kila mmoja anataka thawabu. Akigeuza shingo tu mtu kashaleta maji. Alikuwa analishwa, anavalishwa, anachanwa nywele, simu yake ninayo mimi, namba ya siri ya M-Pesa najua mimi, kadi ya kliniki iko kwenye pochi yangu. Miezi miwili! Halafu yule dada wa fizio, wa mazoezi ya viungo, akaja nyumbani siku moja akakuta mama anampa uji kwa kijiko akamuuliza, mama, mkono wa kushoto nao umepooza? Hakuna aliyejibu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, ila hatukuwahi kuupa kazi.

Na ule wa kulia ndo tuliuumiza wenyewe. Binamu yangu, mtu mzuri tu, alitaka kumnyanyua kitandani akamshika mkono uliolegea akavuta. Bega la upande uliopooza misuli yake haina nguvu ya kulishikilia, ukivuta linachomoka kidogo, basi hapo mkajipatia miezi minne ya maumivu, usiku halali, mchana mazoezi hataki maana mkono ukiguswa tu machozi. Kwa hiyo mkono ule usivutwe, usiwe mpini. Mtu anasogea ukingoni mwa kitanda, miguu inakanyaga chini, anainama mbele, wewe unamshika kiunoni mnainuka wote. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Tuliandika kwa maka peni ukutani juu ya kitanda "MKONO HUU HAUVUTWI" na wageni wakawa wanasoma wanacheka, lakini walielewa.

Kosa likazaa kosa. Kwa yale maumivu ya bega mtu akaenda duka la dawa akanunua diclofenac, si ni dawa ya maumivu ya kawaida tu, wote tunameza. Lakini mdogo wangu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ukichanganya na hizo za jamii ya diclofenac unakaribisha kuvuja damu. Fizi zikaanza kutoka damu, mapaja yakawa na madoa meusi kama kapigwa. Tulikimbia hospitali usiku na Mungu alitusitiri. Sasa hivi hakuna kidonge, wala mizizi, wala majani ya kuchemsha yanayoingia mdomoni mwake bila kuuliza kliniki, hata alete shangazi mkubwa kutoka Tanga na hasira zake.

Halafu kuna hii ya mboga. Mtu alituambia warfarini na mboga za majani ni maadui, tukamnyima mchicha, matembele, kisamvu. Mtu wa Tanga unamnyima kisamvu! Kliniki ya moyo, ye anahudhuria pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Upanga Dar es Salaam, wakatuambia hapana, ale, ila kiasi kile kile wiki hadi wiki. Tatizo ni kukaa bila mboga wiki tatu halafu wiki ya nne kwenye harusi unafukia sahani mbili, kile kipimo chao cha INR, cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, kinashuka na damu inarudi kuganda haraka. Yeye anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Na ni mwanamke kijana, kwa hiyo kuna la kusema wazi ingawa nyumba nyingi hawasemi mbele ya binti: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na valvu mbovu na mimba ni jambo la kupangwa na daktari kabla, si baada. Mama alitaka mimi ndo niongee na daktari hilo. Nilikataa, nikatoka nje, mdogo wangu akaongea mwenyewe na maneno yake ya kuokoteza. Alitumia dakika arobaini. Daktari alimsubiri, Mungu ambariki.

Maneno sasa. Hili ndo lilituchanganya kuliko yote. Miezi ya mwanzo kila kitu kwake kilikuwa "kijiko". Anataka maji, kijiko. Anataka shuka, kijiko. Jina langu, kijiko. Watu wanakuja kumwona wanaongea juu yake kama hayupo, "alivyokuwa mzuri huyu mtoto jamani", wanalia pale pale kitandani, na yeye anasikia kila neno. Akili haijaenda popote, njia ya kutokea maneno ndo imekatika. Mgeni wa namna hiyo mwandalie chai barazani aishie huko huko, nasema kweli, mi nilifukuza wawili na sijuti.

Kilichosaidia: swali moja kwa wakati, la ndiyo au hapana, halafu unanyamaza. Unahesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Usimmalizie neno. Ni ngumu kuliko unavyodhani, ulimi unawasha. Aliyeweza kuliko wote ni mwanangu wa miaka mitano, yeye alikuwa anamwambia "mamdogo sio kijiko, sema tena" bila huruma hata kidogo, na mamdogo wake anacheka anarudia. Na siku moja kwenye maulidi ya jirani, kipaza sauti kinaingia mpaka chumbani, tukamsikia anaimba kaswida beti nzima, maneno yote yamenyooka, mtu ambaye asubuhi yake alishindwa kusema "chai". Tulidhani muujiza. Mtaalamu wa kuongea akasema inatokea sana, nyimbo na vitu vya kukariri mara nyingi vinabaki hata mazungumzo yakipotea, akaanza kumfundisha sentensi kwa kuziimba. Nyumba nzima tukawa tunaongea kama taarabu.

Ah, na kicheko. Msibani kwa babu alicheka. Kwa sauti. Watu wakamwangalia, shangazi akamfinya. Si utovu wa adabu, ubongo ulioumia unaweza kumchekesha au kumliza mtu bila sababu na bila ridhaa yake. Ukimwona hivyo badilisha mada, mtoe nje mkaangalie kuku. Lakini kilio cha kila siku, hataki kula, hataki kuoga, hicho ni kitu kingine, ni sonona, kina dawa na kina ushauri, mwambieni daktari msimwambie tu "vumilia".

Kabla ya haya yote alikuwa fundi cherehani. Kopo lake la maziwa la vifungo lilikuwa juu ya kabati limejaa vumbi, tumelificha asihuzunike, hayo nayo ni mapenzi yetu. Mwanangu ndo alilishusha. Vikamwagika sakafuni, mamdogo wake akashuka chini akakaa, akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto akauweka juu ya kifungo kimoja cheusi cha koti, kikubwa, akawa anakisukuma kwa kidole cha shahada. Kinateleza. Anakirudisha. Mimi nimesimama mlangoni na ndoo, nataka kwenda kumshikia, miguu yenyewe inataka kwenda. Ilichukua muda wa kupika ubwabwa mzima mpaka dole gumba likaja likakibana, akakiinua kama nusu inchi kikadondoka. Toka siku hiyo kopo lilikaa kitandani. Asubuhi vikubwa, baada ya miezi vidogo vya mashati.

Zamu tukazipanga upya, si nani amfanyie nini, ni nani akae karibu asifanye kitu. Mama ilimshinda, tukawa tunamtuma sokoni.

Sasa hivi anatembea, mguu unaburuza kidogo akichoka, maneno yanachelewa ila yanakuja. Cherehani ya kukanyaga imemshinda, tulichanga tukanunua ya umeme, pedali anakanyaga kwa mguu wa kushoto, mkasi wa mkono wa kushoto tuliutafuta Kariakoo nzima. Juzi ameshona foronya ya kwanza, imepinda kona moja, nikanyoosha mkono kuichukua nifumue nimrekebishie. Akaupiga mkono wangu. "A-cha," akasema, halafu akamuuzia jirani elfu tatu na jirani akalipa.

Kesho tuna kliniki. Saa kumi na mbili asubuhi tuwe stendi, kadi anayo yeye.